Likizo ya Mabawabu

Milango ilikuwa inafungwa, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama majani ya kifauwongo yanapoguswa na kidole.

Mhandisi Gindu alitembea peku katikati ya milango hiyo. Chini ya nyayo zake lilinyooka bonde la rangi ya waridi lenye matuta kama ya shamba la viazi vitamu. Katika kila tuta mlikuwa na vijumba visivyohesabika, kila kijumba na mlango wake, na nyuma ya kila mlango taa ndogo ya manjano. Kutoka juu walishuka mabawabu, wa buluu, wepesi kama vumbi la unga ndani ya mwale wa jua. Bawabu akifika mlangoni huketi. Akiketi, mlango hufungwa na taa ya ndani huzimika. Hapakuwa na kelele yoyote. Mtu angeweza kujilaza humo akaota mpaka kesho.

Bonde hilo lilikuwa utumbo mpana wa mama yake mdogo.

"Umenikanyaga," sauti ilisema kutoka juu.

"Mama mdogo, siwezi kukukanyaga. Huu ni mwangwi tu."

"Nimesikia kitu."

"Ni hiyo michembe unayotafuna, hivyo viazi vikavu. Si nilikuambia usile kabla ya kipimo?"

"Ulisema nisile chakula. Michembe ni chakula tangu lini? Michembe ni kutafuna tu, kama mtu anavyopiga mluzi."

Gindu alicheka, akaendelea kutembea.

Huo ulikuwa mwaka wa 2094, katika jiji la Manonga, jiji lililoota kwenye tambarare ya Usukuma ambako zamani palikuwa na vumbi na miti ya miiba. Nyumba za Manonga ziligeuka na jua kama alizeti. Angani yalielea matanga ya kuvuna mawingu, na mvua ilinyesha mahali ilipoagizwa, ingawa mara mojamoja ilikosea njia ikanyesha harusini. Katikati ya jiji ilisimama Nyumba ya Tiba, na ndani yake kilikuwamo Chumba cha Mwangwi. Mgonjwa hulala kitandani, na mabawabu walio mwilini mwake hupiga sauti ndogo ambayo sikio haliipati. Mwangwi wa sauti hizo hukusanywa, ukachorwa upya sakafuni na kutani, mkubwa kama uwanja wa mpira. Kitu kidogo kuliko punje ya vumbi huonekana kama mlango wa nyumba, na daktari huweza kuingia akatembea.

Tuelewane kwanza kuhusu hii milango, maana kisa chote kimo humo. Kila seli ya mwili ina vipokezi kwenye ngozi yake, na kipokezi kimoja ni mlango wa ukuaji. Nje hupita kikuzi, ambaye ni mjumbe. Akipata mlango unaomfaa hujibandika, na ndani hulia kengele inayosema: kua, zaa, gawanyika. Katika utumbo mzima jambo hili ni heri, kwa sababu ngozi ya utumbo huchakaa na kujifuma upya kila baada ya siku chache. Lakini saratani ikiingia, kengele hulia bila kupumzika. Seli huzaa seli, nazo zikazaa nyingine, mpaka utumbo unaziba, kisha zinahamia kwenye ini kama wavamizi wanaotafuta ardhi mpya.

Ndipo wakabuniwa mabawabu. Kitendawili: askari wangu hana mkono, hana rungu, lakini akiketi hapiti mtu. Jibu ni huyo. Ni mashine ndogo mno, iliyochongwa ili ikae kwenye kitasa cha mlango ule na kumzuia mjumbe. Mjumbe asipoingia, kengele hunyamaza, na seli ya saratani husinyaa ikafa yenyewe.

Gindu ndiye aliyewachonga. Na ndiye aliyeandika sheria yao ya kwanza, maneno mawili tu ya kuwakataza usingizi: Bawabu halali.

Siku hiyo, alipofika mwisho wa bonde, alisimama. Hapo kulikuwa na kijiji kizima cha vijumba ambavyo taa zake ziliwaka wazi. Mabawabu walishuka juu yake, wakagusa milango, wakateleza. Wakagusa tena, wakateleza tena, kama matone juu ya jani la yungiyungi. Lakini wajumbe wa ukuaji waliendelea kuingia humo, mmoja mmoja.

Aliinama akatazama kitasa kimoja. Kilikuwa kimepinda kidogo upande mmoja, basi. Maelekezo ya kutengeneza mlango yameandikwa ndani ya jeni kwa maelfu ya herufi, na katika vijumba hivi herufi moja ilikuwa imebadilika. Moja tu. Ikatosha kumfanya bawabu ashindwe kukaa.

"Mbona kimya?" Milembe aliuliza kutoka kitandani. "Umekuta nini huko kwangu? Usiniambie michembe."

"Nakuja, mama mdogo," alisema Gindu.

*

Milembe alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kazi yake ilikuwa kusimamia ngitili ya Nhelela, lile eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga msimu wa mvua ili nyasi zipone, wakalifungua kiangazi kinapobana. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Watoto wake wawili walifanya kazi kwenye vituo vya Mwezini, na kila Jumapili walimpigia simu wakimuuliza amekula nini. Aliwadanganya kila Jumapili.

Ndugu yake wa tumbo moja, Nshoma, ndiye aliyemzaa Gindu. Nshoma alikufa kwa ugonjwa huuhuu miaka sita iliyopita, akiwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza wa mabawabu. Gindu alimtibu kwa mkono wake mwenyewe. Mabawabu walipoteleza aliwaongeza maradufu, kisha maradufu tena, na hakuwapumzisha hata siku moja, mpaka asubuhi ile Nshoma alipofumba macho. Matibabu hayo yalichukua miezi kumi na minne. Watu wote walisema mtoto amepigana.

Sasa Gindu aliketi mbele ya mama yake mdogo, akampaka samli kwenye vidole. Ngozi ya binadamu nayo ina milango ileile ya ukuaji, na bawabu hajui kubagua. Anafunga milango ya saratani, anafunga na ya ngozi. Uso wa Milembe ulikuwa umejaa vipele vyekundu, na ncha za vidole vyake zilipasuka mpaka akashindwa kufunga kamba ya uzio.

"Mizani, sema," Gindu aliamuru.

Mizani ilikuwa akili ya Nyumba ya Tiba. Haikuwa na uso, sauti tu, tulivu kama ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. Watu wa Manonga walisema kwamba Mizani haikisii bali inaota: ikiulizwa jambo, huota njia mia za kesho kwa kufumba na kufumbua, kisha husema ni ngapi zimefika salama.

"Mhandisi," Mizani ilisema, "katika kila seli mia za uvimbe, sitini na tatu zimebadili kitasa. Madoa kwenye ini yalikuwa mawili, sasa ni manne. Napendekeza mabawabu waongezwe mara tatu."

"Na nikiongeza?"

"Njia nyingi zinafika mwezi wa sita kuanzia leo, mgonjwa akiwa hai. Hakuna inayofika mwezi wa kumi."

Milembe aliondoa mikono yake kwenye samli, akaipulizia. "Kitendawili," alisema.

"Mama mdogo, si wakati wake."

"Kitendawili!"

Gindu alishusha pumzi. "Tega."

"Nakata kila siku, na kinachobaki ni miiba."

Gindu aliwaza. Alitaja wembe, akataja ndevu za mzee, akataja ulimi wa mama mkwe. Milembe alitikisa kichwa mara tatu. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Mwezini."

"Mwezini sitaki, wale watoto wataniuliza nimekula nini. Nipe mji wa maana."

"Nakupa Mwanza."

"Haya. Nimekwenda Mwanza, nimekula sangara, wewe nimekuachia kichwa chake ufyonze. Nimerudi." Kisha uso wake ukatulia, ukawa wa mtu mwingine. "Jibu lake halisemwi, Gindu. Linaonyeshwa. Kesho asubuhi twende Nhelela."

*

Reli ya hewa iliwashusha jua likiwa bado jepesi. Umande ulifanya tambarare yote ionekane kama imefunikwa kwa utando wa buibui. Walitembea polepole mpaka kwenye uzio, na Milembe akasimama katikati, mkono mmoja ukielekeza kulia, mwingine kushoto.

"Mwangaluka," alisalimia, si kwa Gindu bali kwa nyasi, kisha akajijibu mwenyewe, "Mhola." Akacheka. "Mazoea. Sasa tazama kushoto."

Kushoto palikuwa na malisho ya umma. Juu yake vilielea vichunga, zile mashine za kuruka zinazochunga ng'ombe bila mchungaji. Kichunga kina jicho linalopima nyasi, na kikiona jani limefika kimo, kinapeleka ng'ombe hapohapo. Ng'ombe walikuwapo humo mwaka mzima. Gindu alitazama, akaona majani magumu ya kijivu, miiba, na magugu yenye maua mazuri ambayo ng'ombe walikuwa wanayapita kama hawayaoni.

"Vichunga vilipoletwa," Milembe alisema, "tulishangilia. Hakuna jani linalopotea, walituambia. Na kweli halikupotea. Ng'ombe akapewa kila jani tamu linapochomoza. Sasa niambie, mhandisi, ng'ombe akila jani tamu kila siku, nani anabaki kuzaa mbegu?"

"Lisilolika."

"Lisilolika. Wala halikushinda kwa nguvu, hili. Ukiliacha peke yake na jani tamu, linashindwa, kwa sababu linakua kivivu, maji yake mengi yanaishia kwenye miiba. Sisi ndio tuliolipatia shamba, kwa kumla jirani yake bila kupumzika." Akageuka. "Sasa kulia."

Kulia palikuwa na ngitili. Nyasi zilifika kiunoni, laini, na upepo ulipopita zililala na kuinuka kama kitu kinachopumua. Miiba ilikuwapo bado, mmoja hapa, mmoja pale, imesongwa.

"Hapa pia palikuwa kama kule," Milembe alisema. "Nilifunga. Wazee wa baraza walinitukana, wakasema Milembe anafuga nyoka. Ng'ombe walilia kwenye uzio. Mvua moja, mvua ya pili, jani tamu likarudi, likasonga miiba. Ndipo nikafungua mlango, ng'ombe wakala wakashiba."

Gindu alikuwa ameshaelewa. Alielewa kabla Milembe hajamaliza.

"Unataka niwaondoe mabawabu," alisema.

"Nataka uwape likizo."

"Saratani itakua."

"Itakua ile laini. Ile ambayo mabawabu wako wanaijua kuifunga. Itasonga ile yenye kitasa kilichopinda. Kisha uwarudishe."

"Mama mdogo, wewe si nyasi. Ngitili ikikosea unapata mwaka mwingine. Hapa nikikosea..."

"Nikikosea, nakufa," Milembe alisema. "Na nisipojaribu?"

Upepo ulipita tena, na ngitili ikavuta pumzi.

*

Alirudi Nyumba ya Tiba peke yake, akaketi katika Chumba cha Mwangwi kikiwa kitupu, kuta nyeupe, sakafu nyeupe.

"Mizani. Ota njia ambayo mabawabu wanaondolewa kwa wiki kumi na sita, kisha wanarudishwa."

Mizani ilikawia. Haikuwa kawaida yake kukawia.

"Kitasa kilichopinda humshika mjumbe kwa shida," ilisema hatimaye. "Seli zenye kitasa hicho hukua polepole kuliko zenye kitasa kilichonyooka. Bila mabawabu, zile laini zitaziacha nyuma. Katika njia mia, hamsini na nane zinafika mahali ambapo mabawabu wanafaa tena. Kumi na tisa hazioni tofauti. Ishirini na tatu, mgonjwa anafariki kabla ya wiki ya kumi na sita."

"Ishirini na tatu."

"Ndiyo, mhandisi."

"Na kwa nini hujawahi kuniambia njia hii?"

"Sheria ya kwanza niliyopewa inasema bawabu halali. Njia zote zinazoanza kwa bawabu kulala niliziona kama njia zisizokuwapo. Sikuziota."

Gindu alitazama sakafu nyeupe. Alitamani kuuliza swali jingine, likafika kwenye ulimi, likakaa. Akalimeza.

Jioni hiyohiyo alimpelekea Milembe habari zote: hamsini na nane, kumi na tisa, ishirini na tatu. Hakuficha. Milembe alisikiliza huku akichokonoa jino kwa kijiti.

"Ishirini na tatu," alisema. "Kwenye baraza la ngitili nilipigiwa kura mbaya kuliko hizo, nikashinda. Leta hicho kibao cha ridhaa niweke dole gumba."

"Unaogopa?"

"Sana. Leta kibao."

*

Wakati wa mapumziko ulipita kama ndoto inayobadilika bila kukuambia.

Mabawabu walitoka na mkojo kwa siku tatu. Wiki ya pili vipele vilianza kukauka. Wiki ya nne ngozi ya vidole ikaungana, na Milembe akafunga fundo la kamba mbele ya Gindu, akalifungua, akalifunga tena, kama mtoto aliyejifunza jana. Wiki ya sita alikwenda Nhelela mwenyewe, akagombana na mtu aliyefungua uzio kabla ya siku yake, akarudi amenona kwa furaha.

Lakini ndani, milango ilikuwa wazi. Kila Jumatatu Gindu aliingia katika Chumba cha Mwangwi na kuwaona wajumbe wakipita kila mahali, taa zimewaka kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine, kama mji wenye sikukuu. Ulikuwa uzuri wa kutisha. Alijua kila taa ni nini.

Wiki ya kumi na moja maumivu yakaanza ubavuni. Wiki ya kumi na tatu Milembe alishindwa kumaliza bakuli la uji, na weupe wa macho yake ukaingia manjano kidogo.

"Nawarudisha," Gindu alisema.

"Bado wiki tatu."

"Mama mdogo, tazama macho yako!"

"Siwezi kuyatazama, yako usoni." Alijaribu kucheka, akashika ubavu. "Gindu. Sikiliza. Ng'ombe wakilia uzioni, haina maana kwamba nyasi ziko tayari. Ina maana kwamba wana njaa. Mtu wa ngitili anayefungua kwa sababu ya kilio, mwaka ule amepoteza vyote viwili, ng'ombe na nyasi."

"Mizani, ngapi zimepinda sasa?"

"Ishirini na sita katika mia, mhandisi. Zinashuka. Lakini ini linachoka. Njia ninazoota zimegawanyika nusu kwa nusu."

Kibao cha amri kilikuwa mapajani mwa Gindu. Neno moja tu, na mabawabu wangerudi. Lakini mwenye mwili alikuwa amesema bado, na sauti yake haikutetemeka. Gindu alikizima kibao, akakiweka juu ya kabati asikokifikia akiwa ameketi, akalala sakafuni kando ya kitanda cha Milembe. Alifanya hivyo kwa wiki tatu. Kila alipoamka alisikiliza kwanza kama kuna pumzi.

Asubuhi ya wiki ya kumi na sita Milembe hakuweza kutembea. Walimbeba kwa machela mpaka Chumba cha Mwangwi.

"Tisa katika mia," Mizani ilisema.

Gindu aliwaachia mabawabu.

Walishuka kama mvua iliyoagizwa. Alisimama katikati ya bonde lililowaka, akawaona wakigusa milango, na safari hii wengi hawakuteleza. Waliketi. Taa ya kwanza ikazimika, kisha kumi, kisha mtaa mzima, kisha giza laini likaenea bondeni kama shuka linalotandikwa.

"Mbona kimya?" Milembe aliuliza kwa sauti ndogo kutoka juu.

"Wanaketi, mama mdogo," Gindu alisema. "Wanaketi."

*

Baada ya wiki tano macho ya Milembe yalikuwa meupe. Madoa manne ya ini yalisinyaa yakabaki mawili, madogo kama punje za mtama. Si kwamba alipona. Gindu alimweleza hivyo waziwazi: vitasa vilivyopinda vitaongezeka tena, na mabawabu watapewa likizo nyingine, na huenda nyingine tena, na siku moja mchezo huo utakwisha. Miaka miwili, pengine mitatu. Milembe alisema mitatu inamtosha kumaliza ugomvi wote alionao na baraza, na ikibaki ataanzisha mwingine.

Nyumba ya Tiba ilifuta sheria ya zamani. Na sheria ilipofutwa, Mizani ilifanya kile ilichoundwa kufanya. Bila kuombwa, ilifungua majalada yote ya nyuma, wagonjwa mia mbili na kumi na mmoja, ikaanza kuota upya zile njia ambazo kwa miaka saba zilikuwa hazipo. Asubuhi moja Gindu alikuta orodha mezani pake. Majina yamepangwa kwa tarehe, na mbele ya kila jina pana hesabu ya miezi ambayo likizo ingemwongezea.

Alisoma jina la nne. Alilisoma tena. Kisha akachukua reli ya hewa mpaka kwa mama yake mdogo.

Milembe alikuwa kwenye mkeka uani, akisukasuka kibuyu cha maziwa ili kitoe siagi. Nyumba yake ilikuwa inageuka taratibu kulifuata jua, na kivuli chake kikawa kinawasogelea.

"Mizani imeota majalada ya zamani," Gindu alisema. Hakuketi.

Kibuyu kiliendelea kusukwa. "Yote?"

"Yote."

"Na la dada yangu?"

"Miezi ishirini na sita zaidi. Pengine thelathini."

Kibuyu kikasimama.

"Aliniomba," Gindu alisema. "Siku moja alinishika mkono, akasema, mwanangu, ngozi inaniwaka, waache walale hata wiki moja. Nikamwambia bawabu halali, mama. Nilisema kwa majivuno. Nilidhani ndivyo mtu anavyopenda."

"Ulimpenda."

"Nilimlisha miiba!"

Milembe aliweka kibuyu chini polepole, akakiegemeza kwenye kinu. Gindu alimtazama usoni.

"Hujashtuka," alisema. "Nimekuambia jambo hili na hujashtuka. Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu vidole vyangu vilipoanza kupasuka. Nilikuwa nimekaa Nhelela, natazama upande wa kushoto wa uzio, nikaona. Nikasema, hii ndiyo hali yangu. Na nikasema, ndiyo iliyokuwa hali ya Nshoma."

Gindu alihesabu. "Vidole vilipasuka miezi miwili kabla ya kunipeleka kule. Mama mdogo. Miezi miwili hiyo ndiyo madoa mawili yalipokuwa manne."

"Ndiyo."

"Ulikaa kimya huku unakufa! Kwa ajili ya nini?"

"Wewe ulikuwa unalala usiku," Milembe alisema. "Baada ya mama yako, kitu pekee ulichokuwa nacho ni kwamba ulifanya kila kitu. Nikikuambia na isifaulu, hakuna neno. Lakini nikikuambia na ikafaulu, siku moja ungekuja kusimama hapo uliposimama. Na uso huo."

Kivuli cha nyumba kiliwafikia miguuni. Mbali, tanga moja la mawingu lilikuwa linapita bila haraka.

"Basi kwa nini ukasema?"

Milembe alitazama mikono yake, mizima, yenye mafuta ya maziwa. Kwa mara ya kwanza tangu augue alionekana mwenye aibu.

"Kwa sababu nilitaka kuishi, Gindu. Usinitafutie sababu nzuri zaidi, hakuna. Niliamka asubuhi moja, dirisha liko wazi, harufu ya mvua ikaingia, nikataka kuisikia tena mwakani. Nikasema, huyu mtoto ataumia. Lakini ataumia mimi nikiwapo."

Alisogea, akapapasa mkeka kando yake. Gindu alipiga magoti, kisha akaanguka kabisa, kichwa mapajani mwa mama yake mdogo, akalia kwa sauti kubwa, sauti ambayo alikuwa hajaitoa hata siku ya mazishi, mpaka majirani wakachungulia kutoka kwenye nyumba zao zinazogeuka.

Milembe hakumwambia anyamaze.